Nauli Nafuu ya Mzee Wenceslao

Disemba ikiingia, sisi Waparagwai tunaoishi Buenos Aires huwa hatuna mazungumzo mengine. Unaondoka lini, unaondoka na nani, umepata tiketi? Mwaka mzima tumewapikia watu, tumewajengea nyumba, tumewalelea watoto wao, na kila mmoja wetu ana mtu ng'ambo ya mto anayemngoja mkesha wa Krismasi. Makampuni ya mabasi yanalijua hilo kuliko padri wetu. Nauli huanza kupanda kabla taa za sikukuu hazijawashwa madukani, na ukizubaa kidogo utaambiwa kiti kilichobaki ni kile cha jirani na choo, kwa bei ya nguruwe mzima.

Kwa hiyo mzee mmoja aliposimama mlangoni mwa kanisa baada ya misa, akasema ana basi dogo na atawapeleka watu nyumbani kwa kuchangia mafuta tu, ungedhani angebebwa juu juu. Wapi. Watu walimtazama kama anayeuza saa ya dhahabu barabarani.

Jina lake Wenceslao. Hakuwa wa mtaa wetu. Alikuwa mrefu, mkimya, shati limepigwa pasi, na alieleza mpango wake taratibu. Tutaondoka mchana, si jioni kama kila mtu. Wanaoondoka jioni hufika darajani wote kwa pamoja alfajiri, wakaungua na jua kwenye foleni, lakini sisi, kwa mwendo wetu wa polepole, tutafika wao wameshavuka. Kila mtu begi moja. Zawadi tukanunue ng'ambo, ambako ni rahisi, tusipekuliwe na watu wa forodha. Chakula tutoke nacho nyumbani. Faida hataki.

"Asiyetaka faida ana lake jambo," alisema Fidelina tukirudi.

Fidelina ndiye niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja. Alikuwa mpishi kwenye nyumba ya daktari, mwanamke mnene mwenye macho madogo yasiyotulia. Huko nyuma aliwahi kuuziwa kiwanja, akaenda kukiona msimu wa mvua, akakuta vyura. Tangu hapo hakumwamini mtu. Aliniambia rahisi huvunja upishi, na kwamba sharti la begi moja ndilo limemfungua macho: mtu anayebana mizigo ya wenzake anataka nafasi ya mzigo wake.

Mimi sikuwa na hiari. Nilikuwa nimezunguka kituo cha mabasi tangu asubuhi hadi miguu ikavimba, nikakosa. Nikamwambia nitakwenda na huyo mzee, liwalo na liwe. Fidelina alinuna siku nzima. Mwishowe akaanza kupanga nguo zake, akisema anakwenda kunilinda tu, kwa kuwa mimi ni mjinga na mama yangu atamlaumu yeye.

Siku ya safari tulikuwa watu wachache. Tulikuwa sisi wawili, mwashi mmoja mcheshi aitwaye Porfirio, kaka zake wawili ambao walilala kabla gari halijawaka, na mama mmoja na mtoto wake wa kunyonya. Wengine waliojiandikisha walikuwa wamejitoa. Nilijua ni kwa nini, maana nilimsikia Fidelina pale bombani tunapotekea maji, akiwaonya mmoja mmoja kwa simu.

Tulipoingia, jambo la kwanza tuliloliona lilikuwa nyuma. Viti vya mwisho vilikuwa vimeng'olewa, na mahali pake pamewekwa kitu kikubwa cha pembe nne, kimefunikwa blanketi na kufungwa kamba pande zote. Mzee Wenceslao alituomba tusikiegemee. Fidelina alinifinya paja.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomkera. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna msongamano. Tulikula mikate yetu ya mihogo na jibini, tukapokezana kikombe cha tereré, chai yetu ya kienyeji ya maji ya barafu, mtoto akalala. Mzee aliendesha kwa adabu, hakuvuta sigara, hakuweka muziki. Lakini kila tuliposimama kuongeza mafuta alishuka, akaenda pembeni, akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni bila kuzungumza na mtu.

"Anangoja maelekezo," Fidelina alininong'oneza.

Jua likiwa bado juu juu karibu na Santa Fe, mzee alipokwenda msalani, Fidelina alipita kati ya viti akainua pembe ya blanketi. Mimi nililinda mlango. Akarudi kukaa, uso umemkunjamana.

"Mashine ya kufulia," alisema. "Mpya."

Porfirio alicheka. "Sasa mashine ya kufulia imekukosea nini, dada? Mtu anampelekea mkewe zawadi."

"Wewe Porfirio, kichwani mwako kuna saruji. Waajentina wenyewe wanavuka daraja kuja kununua mashine kwetu, kwa vile ni nusu ya bei. Nani mwenye akili anaibeba kutoka huku kuipeleka kule? Huyo ni kama anayepeleka ndizi shambani. Mle ndani mna kitu."

Porfirio hakucheka tena. Tuliyatafakari hayo, na kadiri tulivyoyatafakari ndivyo yalivyokuwa na maana. Sote tulikuwa tumesikia habari za watu waliokwenda likizo wakaishia jela kwa mizigo isiyo yao. Mama mwenye mtoto alianza kusali kimyakimya. Usiku mzima Fidelina hakulala; alihamia kiti cha nyuma ya dereva na kukitazama kisogo chake kana kwamba kingeandika kitu.

Asubuhi, ndani kabisa ya jimbo la Chaco, askari walitusimamisha. Kijana mmoja alikagua vitambulisho, mwingine akazunguka gari na mbwa. Walikuwa wametuashiria tuendelee pale Fidelina alipotoa kichwa dirishani.

"Afande, samahani. Hebu kiangalieni vizuri kile kilicho nyuma. Sisi abiria hatukijui."

Mzee Wenceslao alimtazama kwenye kioo. Hakukasirika, na hilo lilinitia hofu zaidi. Akashuka mwenyewe, akafungua mlango wa nyuma, akafungua kamba. Askari waliitoa mashine barabarani kwenye jua, wakafungua bamba la nyuma kwa bisibisi, wakatia mikono ndani, wakaingiza taa, wakamleta mbwa. Tulisimama kwenye vumbi tukikaukiwa na jasho. Hawakupata kitu. Mzee akafunga skurubu zote mwenyewe, akarudisha blanketi, akafunga kamba, akaomba radhi kwa kutuchelewesha. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

"Umeridhika?" Porfirio alimuuliza Fidelina tulipoondoka.

"Mbwa mwenyewe hoi kwa joto. Alikuwa anatafuta kivuli, si dawa za kulevya."

Hapo tulicheka, naye mzee nadhani alitabasamu. Lakini tulipoingia mji wa Formosa, badala ya kushika barabara ya kwenda mpakani, alikata kulia. Akaingia mtaa wa lami, kisha mtaa wa vumbi, kisha mwingine mwembamba zaidi wenye mitaro na kuku. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Porfirio aliwaamsha kaka zake kwa kiwiko.

Fidelina aliweka mkono begani mwa mzee. "Simamisha gari, baba."

Akasimamisha.

"Daraja haliko huku. Nimepita njia hii maisha yangu yote. Unatupeleka wapi?"

Mzee alizima injini. Alikaa mikono ikiwa juu ya usukani.

"Mwanangu anakaa mtaa unaofuata," alisema. "Zunilda. Hajanisemesha tangu mama yake afariki. Ilikuwa Disemba kama hii. Mimi nilikuwa Buenos Aires, na mimi na mama yake tulikuwa tumeshatengana, ila bado alikuwa mke wangu. Sikuja kumzika. Nilipiga simu nikasema nauli zimepanda, tiketi hakuna."

"Na ilikuwa kweli?" Fidelina aliuliza.

"Ilikuwa kweli. Lakini kaka zake marehemu mke wangu, Basilia, walikuwa huko huko Buenos Aires, hawana kitu, na walikuja kwa kudandia malori."

Nje kuku mmoja alikuwa anaparua mtaroni.

"Ndiyo nikanunua gari hili," akaendelea. "Mwaka jana nilifika mpaka kona hii, peke yangu, na hiyo mashine. Nikageuza. Nikaona mwaka huu nije na watu."

Fidelina aliuondoa mkono begani mwake. "Kwa hiyo sisi ni ngao yako."

"Ndiyo, mama."

"Ungetuambia kanisani."

"Mngekuja?"

Fidelina alikuwa amekasirika kweli. Shingo ilikuwa imemwiva. Lakini ilikuwa hasira ya mtu aliyekesha na panga kumngojea mwizi, halafu akaona mgonjwa anaingia. Porfirio ndiye aliyetuokoa, akasema tuamue upesi, maana tereré ya njia nzima imemjaa kibofuni na yeye ataingia nyumba yoyote yenye choo.

Nyumba ya Zunilda ilikuwa ya matofali yasiyopakwa lipu. Uani kulikuwa na mashuka meupe yameanikwa kamba hadi kamba, mengi mno kwa familia moja. Tulikuja kuambiwa ni ya nyumba ya wageni iliyo karibu. Yeye mwenyewe alikuwa ameinamia karo, mikono imezama mapovuni mpaka viwiko. Aliinua kichwa akamwona baba yake getini. Kisha akatuona sisi nyuma yake, tumejipanga kama watu waliokuja kuposa, mama na mtoto mchanga analia.

Alikausha mikono kwenye aproni polepole sana.

"Umeleta watu," alisema, "ili nisikufukuze."

Fidelina akatangulia hatua moja.

"Hata sisi hatukujua, mwanangu. Tumejua sasa hivi, hapo konani. Mimi nilidhani anatupeleka kutuuza."

Zunilda alimtazama Fidelina, kisha mtoto anayelia. Akasema mtoto aingizwe ndani kwenye feni, na mwenye haja ya choo ni mlango wa kijani. Porfirio alikwenda karibu mbio. Zunilda alituletea viti, maji ya barafu, na tikiti maji lililokatwa. Alituhudumia sote, isipokuwa mzee hakumpa kiti wala maji, na mzee hakuomba. Alibaki amesimama kati ya mashuka kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

Kaka zake Porfirio waliishusha mashine, kwa kuwa hawakujua la kufanya na mikono yao. Zunilda aliona blanketi likivuliwa. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, na haikuwa furaha.

"Mama alifulia kwenye karo hili hadi vidole vikapinda," alisema, sasa akimwambia baba yake. "Nilikuwa nakupigia simu, unasema mwezi ujao. Leo ndiyo umepata mashine?"

"Leo," mzee alisema.

"Ungekuja hata kwa miguu."

"Ningekuja hata kwa miguu. Ni kweli."

Nadhani Zunilda alikuwa amejiandaa kumsikia baba yake akijitetea. Alingoja aseme neno jingine, kuhusu nauli, kuhusu kazi, na halikuja. Upepo uliyasukuma mashuka. Fidelina alitazama chini. Mimi nilikula tikiti ambalo sikulitaka.

Mwishowe Zunilda alisema mashine iwekwe barazani, na kwamba mtu asingoje shukrani. Akatufungia vipande vya tikiti vya njiani. Tulipokuwa tunapanda gari alimfuata baba yake mpaka getini, akazungumza kwa sauti ya chini, lakini sisi tulikuwa na masikio.

"Wakati wa kurudi, ukitaka, pita. Lakini uje peke yako. Usiniletee mashahidi."

Tulivuka daraja kabla ya saa sita mchana. Foleni ilikuwa fupi kama alivyoahidi. Askari alipiga mihuri huku akipiga miayo. Fidelina alimkuta mama yake, aliyekuwa amevunjika mguu, ameshapona na mdomo wake ukiwa mkali kuliko zamani. Sikukuu ilipita vizuri, tukala, tukalia, tukacheza.

Baada ya sikukuu ya Wafalme Watatu, mwanzoni mwa Januari, mzee alitupitia kama tulivyopatana. Tulipofika Formosa alisimamisha gari kwenye kituo cha mabasi, akatuomba tumsubiri kwenye kibanda cha chakula. Akatoka kwa miguu. Alikawia. Fidelina alilalamika kwamba nauli nafuu hulipwa kwa makalio, kukaa tu. Baadaye akaanza kusema huenda mzee katutoroka, na gari alilotuachia ni la wizi. Lakini hakulisema kwa nguvu kama zamani.

Alirudi jua limeanza kupoa. Viatu vyake vyeusi vilikuwa vyekundu kwa udongo. Alikaa nasi, akanywa maji glasi nzima, kisha akatueleza, bila kuulizwa, kwamba Zunilda hakusema mengi. Alimpeleka makaburini. Walipalilia kaburi la Basilia pamoja, yeye upande huu, binti upande ule, na walipomaliza binti akamwonyesha njia ya mkato ya kurudi kituoni.

"Basi?" Fidelina aliuliza.

"Basi."

Fidelina alimchunguza na yale macho yake madogo, akitafuta kilichofichwa, nami nikaona ameshindwa kukipata. Akavuta sahani yake iliyokuwa na nyama nusu na mihogo, akaisogeza mbele ya mzee.

"Kula kwanza," alisema. "Hapa hatuondoki na dereva mwenye njaa."