Cheche Zilizokwenda Mpakani

Jumanne, saa mbili asubuhi, Dorothée alifungua buji ya nne ya tarakta, yaani plagi ya kutoa cheche, akaisugua masizi kwa brashi ya waya, akainusa. Ilinuka esansi mbichi, petroli isiyoungua. Maana yake mafuta yanafika, moto haufiki. Kujua hilo hakuhitaji shule, kunahitaji pua.

Tarakta hiyo ilikuwa imelala miaka ishirini na sita katika hanga, banda la mashine la shamba kubwa, juu ya kilima kimoja cha Masisi, kuku wakitagia kwenye kiti chake. Haikuwa na betri. Moto wake ulitoka kwenye manyeto, kidude cha sumaku kinachozunguka ukizungusha mkono wa chuma mbele ya injini. Vijana wa gereji za Sake ni mafundi wa pikipiki na malori ya mazutu, yaani dizeli. Walipoiona manyeto walikuna vichwa, wakaomba nauli ya kurudi. Dorothée alifundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa dereva wa tarakta hiyohiyo. Kwa hiyo jeran, msimamizi wa shamba, Papa Léopold, alikuja kumtafuta yeye.

"Ukiwasha hii masini mbele ya mvua ya Septemba," Léopold alimwambia, "shamba ya mama yako haitaguswa. Ile ingine yote tunalima, tunapanda viazi ya patro."

Ile ingine yote ilikuwa mashamba ya familia sitini. Zamani chifu mmoja alimuuzia patro, mwenye shamba kubwa, kilima kizima, na kwenye karatasi ikaandikwa kwamba ardhi ni tupu. Tupu! Na siku hiyo maharage ya watu yalikuwa yamefika magotini. Wakaja wafanyakazi wakang'oa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe inayopandwa mpakani ili kila mtu ajue kwake. Tangu hapo wenye mashamba walilima kwa ruhusa, na ruhusa waliilipia kwa salongo: kila Jumamosi, kazi ya bure kwa patro.

Dorothée alishika waya wa buji karibu na chuma cha injini, akaacha nafasi ya unene wa ukucha, akazungusha. Hakuna cheche. Akasugua platini, vile vyuma viwili vinavyokatiza umeme, kwa ubavu wa kiberiti. Hakuna. Akabadilisha kondensa, akaweka ya pikipiki. Hakuna. Akaanika bobini, koili ya waya, juani tangu asubuhi mpaka saa tisa, akairudisha, akazungusha mpaka bega likamuuma.

Ndipo alipopanda kilima Mama Epiphanie, jirani yao, jembe begani.

"Dorothée, moto yako iko natokea kwangu," alisema, akionyesha tundu kwenye kitenge chake. "Imenichoma kikwembe."

"Inatokea wapi?"

"Chini, mupakani. Kila ukizungusha."

Dorothée alimwachia Mama Epiphanie mkono wa chuma, maana aliyezoea kutwanga muhogo hashindwi na manyeto, akashuka shambani kuangalia. Cheche ilichomoka udongoni, urefu wa kidole, pale ulipong'olewa muyenzi mmoja. Ilikuwa ya bluu, nene, inapiga ta! kama inavyotakiwa. Akafurahi, kwa sababu cheche ya njano ingemaanisha manyeto mbovu. Kisha ikapiga nyingine juu yake, na nyingine upande wa kijito, mpaka kilima kizima kikawa kimechorwa mashamba yake ya zamani. Alifuatisha mpangilio wa silinda: moja, tatu, nne, mbili. Hapakuwa na kosa. Akarudi juu, akabadilisha nafasi za waya mbili, na cheche za juu zikahamia chini, za chini zikahamia juu. Akazirudisha mahali pake, akashika mkono wa chuma, na Mama Epiphanie akashuka kwake.

Mama yake, Mama Pétronille, alikuta cheche moja ikiruka katikati ya maharage yake, hatua tatu ndani.

"Aka! Hapa si mupaka," alisema. "Mupaka iko kule."

"Iko hapo, Mama Pétronille," alisema Epiphanie. "Miaka kumi na moja niko nakuambia."

"Hiyo masini imezeeka."

"Hata wewe umezeeka, na mupaka unaijua."

Walizozana mpaka jua likasogea, Dorothée akiwatazama kutoka mlangoni mwa hanga. Mwishowe Mama Pétronille akaingia ndani, akatoka na beseni la maharage, akaliweka miguuni pa mwenzake: deni la hatua tatu. Hapo Dorothée akaiamini tarakta kabisa. Fundi anahitaji kifaa kisichopendelea mtu, hata kama mtu huyo ni mama yake mzazi.

Kesho yake alikata tawi la muyenzi uani kwao, na Mama Epiphanie akizungusha, akalichomeka pale penye cheche. Cheche ya hapo ikakoma. Hangani, buji moja ikapiga mara moja, kidogo. Alichomeka matawi mengine kwenye pembe zote za shamba la mama yake, na silinda ya kwanza ikaamka. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikatoa moshi.

Léopold akaja mbio.

"Inatosha!" alisema. "Mama yako amepona. Ile ya wengine inakuhusu nini?"

Moyo wa Dorothée ulikuwa umeshasema ndiyo, tena upesi, na aliona aibu. Akilini alimwona mama yake akivuna peke yake katikati ya viazi vya patro, na Mama Epiphanie akipita njiani na kikapu kitupu.

"Papa Léopold, injini ya silinda ine haitembei na moja," alisema. "Ao miti yote inarudia, ao tarakta inalala."

"Miti ngapi?"

"Mia moja makumi tano na munane."

Léopold alitazama mawingu upande wa Walikale. Mvua ilikuwa karibu.

"Basi mupande," alisema. "Kama ni ya injini."

Walipanda Alhamisi, wazee na watoto, kila familia kwake. Jioni Dorothée alizungusha mara moja tu, tarakta ikanguruma kwa silinda zote nne. Alilia, mikono juu ya boneti, wala hakujificha.

Ijumaa Léopold akaipanda, akaiingiza kwa Mama Epiphanie na plau nyuma. Plau ikang'oa muyenzi wa kwanza, injini ikakohoa. Ikang'oa wa pili na wa tatu, injini ikazima. Mfereji ulikuwa haujafika hata urefu wa nyumba. Léopold akashuka, akachungulia tangi la esansi.

"Iko na ugonjwa gani tena?"

"Haina ugonjwa," alisema Dorothée. "Imekataa."

Léopold si mtu wa kubishana na mashine. Alimwandikia patro barua fupi: tarakta haifai, udongo wa kilima unatoa cheche mia moja hamsini na nane, cheche hizo hazina mwenyewe. Wiki iliyofuata ikapanda tarakta ya mazutu kutoka barabara ya Sake, nyekundu, ndefu kuliko nyumba. Injini ya mazutu haina buji wala manyeto. Inabana hewa mpaka mafuta yanawaka yenyewe, na haimuulizi mtu. Kwa siku mbili ililima kilima chote, ikang'oa miyenzi yote, na shamba la Mama Pétronille pia.

"Ahadi ilikuwa ya ile tarakta ingine," Léopold alisema.

Ruhusa ya kulima ikaisha. Salongo ikabaki, kwa sababu, alieleza, hata nyumba zao ziko juu ya ardhi ya patro.

Jumamosi ya kwanza ya kupalilia viazi, watu walikuwa wamesimama barabarani na majembe, wakingoja kupangwa mistari. Ukungu haujapanda. Dorothée aliingia hangani, akashika mkono wa chuma, akaanza kuzungusha. Ta! Ta! Ta! Cheche zikatoka kati ya matuta, za bluu, kuanzia juu mpaka kijitoni.

Kila familia ilitafuta pembe zake, ikaingia katikati.

"Mistari!" Léopold alipiga kelele. "Nimesema mistari!"

Hawakujipanga mistari. Walipalilia viazi vya patro, vizuri, bila kuharibu hata kimoja, na miezi mitatu baadaye vilikwenda Goma kwa malori, magunia yote. Lakini siku hiyo Léopold alipofika kwa Mama Pétronille na kumwamuru asogee, yeye alichomeka jembe lake chini, hatua tatu ndani ya mpaka wake wa uongo wa zamani, penye cheche.

"Ukitaka kupita, Papa," alisema, "uombe. Uko kwangu."

Hangani Dorothée alibadilisha mkono, akaendelea kuzungusha.