Nyama Iliyoonwa

Siku ya tamasha Maulida hakutulia hata kidogo. Akichochea moto, anakumbuka chumvi. Akionja chumvi, anakumbuka kibanda. Basi anauacha mwiko ndani ya sufuria, anavuka uwanja mbio mbio na mtoto mgongoni, anafika kwenye kibanda, anashika nguzo yake kama mtu anayemshika pembe ng'ombe aliyekwishalipiwa, kisha huyoo, anarudi jikoni.

Kibanda chenyewe kilikuwa mabati manne na meza ya mabanzi. Lakini kilikuwa ndani ya uzio, hatua chache tu kutoka jukwaani, na kilikuwa kimoja. Ambaye angekipata angepewa na karatasi: kibali cha kuuza chakula ndani ya uwanja ule wa Sekei, kila tamasha, mwaka mzima. Na tangu zianze hizi enzi za ruksa, za kila mtu kufanya biashara atakayo, matamasha yalikuwa hayahesabiki. Leo bendi ya dansi kutoka Dar, Jumapili kwaya, Idi mashindano ya kucheza, na kila mwenye spika mbili na jenereta anajiita mwandaaji. Kote huko Maulida alikuwa nje ya uzio, Batuli wake wa miezi tisa akichomwa na jua, akipitisha vitumbua kwenye matundu ya wavu mpaka walinzi wa lango waje kumwambia sogea, sogea, wewe mama husikii? Mumewe, Said, alikuwa Mererani akichimba madini, na Mererani humlipa mtu matumaini kwanza, mengine baadaye.

Masharti ya kibanda aliyatoa mwandaaji mwenyewe, Bwana Aminieli, Mmeru aliyekulia Dar es Salaam, mvaa tai hata kwenye vumbi.

"Dada, mimi sina maneno mengi," alimwambia. "Wasanii wangu ni thelathini na wanne. Walishe nyama, washibe, saa tisa kamili morani wafungue tamasha mbele ya mgeni rasmi. Ukiweza, kibanda chako, na kibali natia saini leo leo. Ukishindwa, yule pale."

Yule pale alikuwa Mama Ndeshi, amekaa kwenye kigoda kando ya lango na masufuria yake matatu yaliyofunikwa vizuri, anajipepea na kipande cha boksi.

"Pika, mwanangu, pika," alisema kila Maulida alipopita. "Wala usinijali. Mimi na kusubiri tumenyonya ziwa moja."

"Shikamoo mama," Maulida alijibu, maana adabu haimnyimi mtu riziki.

"Marahaba. Moto wako umezidi, nasikia harufu."

Haukuzidi. Pilau ilitoka vizuri, punje mojamoja, na nyama imelainika mpaka mfupa unatoka wenyewe. Saa sita na nusu wanamuziki wa bendi walikula wakaomba ukoko. Wanakwaya walisali, wakala, wakasali tena. Wakabaki morani wa Kimasai kumi na wawili waliotoka Kisongo kwa miguu alfajiri ile, shuka zao nyekundu zimepangana kando ya uzio kama moto wa nyasi. Maulida akawapelekea masinia mwenyewe, mawili kichwani na mkononi, akarudi kuchukua la tatu.

"Karibuni, kaka zangu. Sogeeni."

Hakuna aliyesogea. Kiongozi wao, kijana mrefu aliyeitwa Kasaine, alitupa jicho kwenye sinia mara moja, akaliondoa upesi akaupeleka uso mlimani.

"Ahsante," alisema kwa upole. "Tumeshiba."

"Mmeshiba nini? Si mmetembea tangu kuche?"

"Tumeshiba, mama."

Maulida akadhani amefahamu. Watu wageni, chakula cha mjini, lazima wana wasiwasi. Kwa Waislamu wenzake mtu akisita mbele ya nyama, kinachomsumbua ni kimoja tu: imetoka wapi, na nani kachinja. Basi akaanza kuwatoa wasiwasi.

"Kuleni kwa raha zenu! Nyama hii nimenunua bucha ya Shomari, mtaa wa Kwa Mrombo, kachinja mwenyewe na Bismillahi kasoma. Nimeichagua mimi, kwa macho yangu."

Morani mmoja akajifunika shuka usoni.

"Nimeikata mwenyewe kipande kwa kipande, nimeiosha mwenyewe!"

Wawili wakageuza migongo.

"Sijaiondolea jicho tangu alfajiri. Hata kuonja, nimeonja mwenyewe, kwa mdomo wangu huu!"

Hapo wakasimama wote kumi na wawili, taratibu, bila ugomvi, wakahamia upande mwingine wa uwanja. Masinia yakabaki kwenye nyasi yanafuka moshi, na Maulida kando yake, uso umempwaya. Kule langoni Mama Ndeshi aliacha kujipepea ili aone vizuri.

Haukupita muda Aminieli akaja, tai imelalia bega.

"Dada, unaniua! Vijana wanasema hawajapewa nyama. Tulikubaliana nyama, wasipopata nyama wanarudi Kisongo."

"Wamepewa! Hiyo hapo, si unaiona?"

"Sasa mbona wanasema hawajapewa?"

"Waulize wao. Mimi wameniambia wameshiba."

"Wameshiba na hawajapewa?" Aminieli akatazama saa. "Saa saba na dakika ishirini. Dada, nilikuamini kwa sababu unasoma masomo ya jioni, nikasema huyu mtu ana mwanga. Saa tisa. Sirudii."

Akaondoka. Maulida akamvuta Batuli mbele, akampa ziwa hapo hapo amesimama, maana mtoto alikwisha kuuona wasiwasi wa mama yake na kuufanya wake. Ndipo akasikia kicheko. Nyuma ya wavu, kwenye safu ileile aliyoizoea, mwanamke wa makamo yake aliyevaa shanga shingoni mpaka mabegani alikuwa amejishika mbavu. Mbele yake vibuyu vya maziwa, na pembeni mbuzi dume, mweusi, amefungwa kwenye nguzo ya uzio.

"Unacheka nini, mwenzangu?"

"Nacheka wewe. Kila ukifungua mdomo, unaiua ile nyama mara ya pili." Akajifuta machozi. "Mimi naitwa Naeku. Nimekuja na hao vijana, mmoja ni shemeji yangu. Yeyo, yaani mama, morani hali nyama iliyoonwa na mwanamke."

"Iliyoonwa?"

"Iliyoonwa tu. Sasa wewe umeona, umekata, umeosha, umeonja, halafu unamtangazia. Hata mimi nimeona aibu, na nilikuwa nje huku!"

"Mbona hawakusema?"

"Waanze kukueleza wewe, mwanamke, habari ya nyama yao? Watasema wameshiba. Ni heshima."

Maulida akayatazama yale masinia. Akakumbuka Krismasi iliyopita, jirani yake alipomletea sahani ya nyama, naye hajui aliyechinja ni nani. Alisema nini siku ile? Alisema, ahsante dada, nimeshiba. Na tumbo lilikuwa linanguruma mpaka akaona haya. Kumbe na hawa wana halali yao, akawaza, ila halali yao haiko kwenye kisu, iko kwenye jicho.

"Na Aminieli je? Si Mmeru yule, jirani zenu? Hakujua?"

"Huyo ni Mmeru wa Kariakoo," Naeku alisema.

Maulida alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Saa ilikuwa inakwenda. Akamtazama yule mbuzi.

"Na mbuzi? Mbuzi mimi nimeshamwona tayari."

"Mbuzi hai hata shetani amwone, haidhuru. Akishachinjwa ndiyo macho yako yakae huku. Wakipewa wenyewe, wachinje wenyewe kule korongoni mtoni, wachome, wale, wamalize. Lakini huyu nimeleta kuuza."

"Niuzie."

"Sitaki pesa yako." Naeku alisimama, akakung'uta shuka. "Pesa itaisha leo jioni. Mimi kila tamasha nakaa hapa nje, maziwa yanachacha, watu wananipita kama nguzo. Nataka kukaa ndani. Meza yako, nusu yako, nusu yangu. Leo na mwaka mzima."

Nusu! Neno lile lilimchoma Maulida. Kibanda chenyewe ukinyoosha mikono unagusa bati huku na huku. Alikiota miezi, amekipangia mpaka mahali pa Batuli kulala, na sasa amkatie nusu mtu aliyemjua kwa kicheko tu. Akatazama langoni. Mama Ndeshi alikuwa amefunua sufuria moja, anakoroga polepole.

"Haya," alisema. "Nusu. Pitia langoni na mbuzi, walinzi nitawaambia mimi."

Kasaine alimpokea yule mbuzi, na safari hii alimtazama Maulida usoni na kuinamisha kichwa kidogo. Wakateremka korongoni. Hapo ndipo mateso yalipoanza hasa, kwa sababu kazi yote iliyobaki Maulida hakuruhusiwa kuiona. Mtu aliyezoea kufunua sufuria kila dakika tano, leo riziki yake inaiva mahali asipoweza hata kuchungulia! Alikaa, akasimama. Alivuka uwanja, akarudi. Akautazama moshi uliotoka kwenye miti: mwembamba, basi hata moto hawajaukoleza. Akautazama tena: mzito, basi nyama inaungua.

"Kaa chini, Yeyo," Naeku alimwambia. "Mbuzi haivi kwa kutembelewa."

"Inachukua muda gani?"

"Inachukua muda wa mbuzi."

Saa nane na nusu Aminieli akaja na kusikia habari nzima. Akashika kichwa. "Mbuzi mzima? Sasa hivi? Na mgeni rasmi yuko njiani? Nakwenda kuwatoa mwenyewe!"

"Nenda," Maulida alisema. "Wewe unaruhusiwa."

Akateremka korongoni na viatu vyake vya kung'aa. Zikapita dakika tano, kumi, ishirini. Watu walikuwa wameshajaa nje ya lango wanapiga miluzi, wapiga gita wanajaribu nyuzi, na mwandaaji haonekani. Saa tisa kamili gari la mgeni rasmi likaingia na vumbi lake. Saa tisa na dakika moja Mama Ndeshi alinyanyuka kwenye kigoda, akajitwisha sufuria ya kwanza, akaenda kibandani akaitua juu ya meza. Puu. Akarudi kuchukua ya pili.

"Mama, bado Bwana Aminieli hajasema!" Maulida alimkimbilia.

"Alisema saa tisa. Hata mimi saa najua kuisoma, mwanangu. Hiyo ni saa tisa."

Maulida alisimama mbele ya meza. Alitaka kuisukuma ile sufuria, na huwezi kusukuma sufuria ya mtu uliyemwamkia.

Ndipo sauti ikapanda kutoka korongoni, ile ya kifuani, nzito, inayokuja kabla ya watu. Morani walitokea kwenye miti wakiruka, nyuso zinang'aa mafuta, na watu nje ya uzio wakalipuka. Nyuma yao, akihema, Aminieli. Tai ilikuwa mfukoni. Kidevu kilikuwa kinang'aa kuliko viatu.

Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kusimama anapiga makofi. Hakuna aliyeulizia dakika. Aminieli akaja kibandani anajifuta kwa leso, akakuta wanawake watatu na meza moja.

"Nilisema saa tisa," alianza, bila nguvu. "Sasa ni na robo."

"Na wewe hiyo robo ulikuwa wapi, kaka?" Maulida aliuliza.

"Nilikwenda kuwaharakisha."

"Ukawaharakisha kwa kutafuna?"

Naeku akaguna. Aminieli akatazama chini. "Walinipa ubavu. Nikasema sina muda, wakasema mgeni hakatai. Nikikataa, wao hawali. Sasa ningefanyaje?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri, "Sijala nyama kama ile tangu marehemu babu."

"Basi kama robo saa ni kosa, kosa umelila wewe. Nipe kibali changu."

Hata Mama Ndeshi alishindwa kujizuia, akacheka mpaka mfuniko ukamponyoka. "Mtoto ana mdomo huyu! Haya, mpe, mpe. Ila masufuria yangu sibebi tena leo, mgongo umekataa. Nitakaa hapa mwisho wa meza, mtanivumilia." Na akajisogeza inchi mbili, si zaidi.

Aminieli akatoa karatasi, akaiegemeza kwenye bati, kidole kikaacha doa la mafuta pembeni. Akaandika Maulida Uwesu. Akataka kutia saini.

Naeku alikuwa anapanga vibuyu chini, kama mtu asiyejua kinachoandikwa, au anayetaka kujua bila kuuliza. Maulida alilitazama jina lake, herufi zimekaa sawa, peke yake kwenye mstari mzima. Lilipendeza. Angeweza kunyamaza. Nusu ya meza ilitajwa kupitia wavu, bila shahidi ila mbuzi, na mbuzi ameliwa.

"Ongeza," alisema, kwa kasi, asije akabadili nia. "Na Naeku."

"Naeku nani?"

Maulida akageuka. "Eti, wewe Naeku nani?"

"Naeku Solomoni," Naeku alisema, akaviinua vibuyu vyake na kuvitua katikati ya meza, siyo pembeni, katikati.

"Nusu ni huku!" Maulida alimwambia.

"Nusu ni hapa. Pima."

"Nimepima tangu jana, meza naijua."

"Na huyo mama mwenye mgongo amekalia nusu ya nani?"

Walikuwa hawajapatana lango lilipofunguliwa. Watu waliingia kwa kishindo, wengi kuliko alivyowahi kuwaona kupitia wavu, njaa ya saa nzima ya kusubiri imewakaa machoni, na wa kwanza alikuwa ameshapiga meza na kiganja anaulizia pilau, wa pili maziwa, wa tatu anasema mama mbona hamtusikilizi. Batuli aliamka akaanza kulia. Maulida alimfungua mgongoni, akatafuta pa kumlaza, hapakuwa na pa kumlaza. Akamtupia Naeku mikononi bila kumwomba, akashika upawa.

"Sahani ngapi, kaka?"