Sahani ya Mulwa

Mulwa alikuwa na dawa moja ya ugomvi, na dawa yenyewe ilikuwa sahani.

Ilikuwa sahani pana ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu. Watu wawili wakikosana pale kwenye banda la kuchagulia mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza ng'ambo, huko Kithimani, Mulwa msimamizi hakuuliza nani alianza. Aliingoja saa ya chakula, akamwambia Zaituni mpishi awapakulie muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sahani hiyo moja, kisha akawakalisha uso kwa uso mpaka waimalize. Watu wazima wakigombania maharagwe ya mwisho huishia kucheka. Wapakiaji walipatana hapo, na hata mashemeji waliokuwa hawasalimiani. Mulwa hakusoma sana, na sahani hiyo ilimpa fahari ambayo wengine huipata kwa vyeti.

Basi Winfred alipomfuata asubuhi moja kwenye bomba la maji, Mulwa hakuona jambo jipya.

Mama huyu alikuwa mkaguzi. Meza yake ilikuwa ndani kabisa, kwenye kona karibu na chumba cha baridi, mwisho wa njia nyembamba, na kazi yake ilikuwa kutoa mishiri yenye madoa na iliyopinda. Kiema ndiye aliyembebea kreti. Lakini Kiema alikuwa pia na shamba lake, na mishiri ya shamba hilo haikuwa mizuri. Winfred aliirudisha.

"Mzee, naomba kitu kidogo," alisema. "Meza yangu isogezwe pale mlangoni."

"Mlangoni kuna jua na vumbi. Unataka uchomeke?"

"Kiema ananiziba njia. Akileta kreti anasimama hapo katikati, siwezi kutoka. Jana amesema atanivunja mikono, aone kama nitachagua mishiri na meno."

Mulwa alicheka. Alimjua Kiema tangu akibebwa mgongoni. "Huyo ni mdomo tu, mama. Hata kuku wa kwao hawamwogopi."

"Mimi namwogopa."

"Basi leo nitawapatanisha."

"Hatujakosana, mzee. Mimi sijamwambia kitu. Nimesema naogopa."

Lakini Mulwa alikuwa ameshageuza uso kuelekea jikoni.

Saa ya chakula aliwakalisha. Watu walisogeza kreti zao wakazikalia, maana sahani ya Mulwa ilikuwa mchezo wa kuangaliwa. Kiema alikuwa na raha zake.

"Karibu, mkaguzi," alisema, akinyanyua harage moja kwa kijiko. "Hebu kagua hili. Naona liko na doa. Nilirudishe?"

Watu wakaangua kicheko. Mulwa naye akacheka mpaka akashika tumbo. Sahani ilipobaki tupu alipiga makofi, akatangaza kwamba hayo yamekwisha, kila mtu arudi kazini.

Zaituni alikuja kuichukua. Alikuwa mwanamke wa mjini Machakos aliyeolewa huku, mtu wa maneno machache.

"Mzee Mulwa, yule mama hakula."

"Si sahani ndiyo hiyo, tupu?"

"Kiema ndiye amekula. Winfred alikuwa anapeleka kijiko kitupu mdomoni."

"Zaituni, wewe pika. Mimi nisimamie."

Wiki haikwisha. Lori lilikuwa linangoja, dereva akipiga honi, na Mulwa alikuwa nje akibishana naye. Winfred alirudisha kreti ya Kiema. Kiema hakupiga kelele wala kutukana. Aliinyanyua ile kreti iliyojaa, akaishusha kwa nguvu zake zote juu ya mikono ya Winfred iliyokuwa mezani.

Mulwa alisikia yowe akaingia mbio. Hakuweza kumfikia Winfred. Kiema alikuwa amesimama kwenye ile njia, na kifua chake kiliijaza yote, ukuta kwa ukuta. Ilibidi Mulwa amshike shati na kumvuta nje kwanza. Hapo ndipo alipoelewa maana ya kuzibwa njia, huku Winfred akiwa amejikunja kwenye kona bila pa kukimbilia.

"Imeniponyoka," Kiema alisema. "Kreti imeniponyoka."

Watu wote walikuwa wameinamisha vichwa kwenye mishiri.

Hospitali ilimfunga Winfred plasta mkono wa kulia, kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko. Alipiga ripoti polisi. Kiema akasema ni ajali, na waliokuwa mezani wakasema hawakuona, walikuwa wanachagua. Mwendwa, mwenye banda, alitaka jambo lizimwe haraka. Wanunuzi wakisikia habari za polisi, alisema, wanapeleka magari kwingine.

Mulwa alikwenda Katangi, nyumbani kwa Winfred, na sukari na unga. Alikaribishwa kiti. Akasema pole. Akasema tena.

"Pole nimesikia, mzee," Winfred alisema. "Sasa nenda useme kwa mdomo wako kwamba nilikuambia. Ni wewe tu uliyesikia."

"Mwendwa atanitoa kazini."

"Mimi nimeshatolewa."

Mulwa aliutazama ule mkono, akaaga.

Siku ya kikao cha upatanisho alichokiitisha Mwendwa, watu wa Kiema walileta mbuzi wa fidia wakamfunga kwenye nguzo ya banda. Winfred alikuja kwa sababu aliitwa. Wazee wa pande zote walikalia kreti zilizopinduliwa. Mwendwa alizungumza vizuri sana, habari za undugu na msimu, kisha akamgeukia Mulwa akitabasamu.

"Haya, fundi. Hii ni kazi yako. Lete sahani, hawa watu wale pamoja, twende nyumbani."

Zaituni alisimama pale pale, mikono kiunoni. Ilibidi Mulwa aifuate sahani mwenyewe. Akaileta, muthokoi ukitoa mvuke, na vijiko viwili. Kiema alichukua chake. Mulwa akamnyooshea Winfred kijiko cha pili, kwa mazoea tu, kwenye mkono wa kulia. Kijiko kilibaki hewani. Vidole vilikuwa ndani ya plasta.

Hakuna aliyecheka.

Mulwa aliiweka sahani chini.

"Aliniambia," alisema. "Alinifuata pale bombani. Alisema huyu ametishia kumvunja mikono. Aliomba meza isogezwe, mimi nikacheka. Hii haikuponyoka. Nitasema hivyo polisi."

"Mulwa!" Mwendwa aliita. "Kaa chini."

"Nimekaa vya kutosha."

Kiema alishikwa jioni ile. Mulwa na Winfred walitoka pamoja kituoni, Winfred akiwa mbele. Mulwa alitembea nyuma yake akitafuta neno. Barabarani Winfred aligeuka.

"Asante kwa kusema, mzee. Lakini siku ile ya bombani sikutaka useme kitu. Nilitaka meza."

Hakurudi tena bandani. Plasta ilipotolewa, vidole viwili havikukunjika, na mishiri haichaguliwi kwa vidole vilivyokauka. Sasa anauza ndizi Katangi, watu wanasema, na ukipita nyuma ya kibanda chake anashtuka.

Mwendwa alimrudisha Mulwa kwenye kupakia lori. Siku yake ya mwisho kama msimamizi alifika mapema, kabla ya watu, akamkuta Zaituni akiwasha moto. Sahani ya ukingo wa buluu ilikuwa imefunikwa juu ya ndoo ya maji. Zaituni alikuwa ameipa sahani kazi mpya, ya mfuniko, bila kumuuliza mtu.

"Nishikie upande huu," Mulwa alimwambia.

Waliinyanyua meza ya Winfred kutoka ile kona, wakaipitisha kwenye njia nyembamba, wakaiweka mlangoni. Moto wa Zaituni ulikuwa haujashika hata vizuri. Mulwa alisimama akiitazama, mikono ikining'inia.

Meza ilikuwa nyepesi. Angeweza kuibeba peke yake.