Bega Bila Ngata

Mtu akilala kwenye kipoyi, machela yetu ya mabegani, dunia hupungua, ikabaki mbingu juu na bega moja mbele. Bega nililopata mimi asubuhi hiyo lilikuwa la Damien. Alikuwa amevua shati na kulifunga kiunoni, na mti wa kipoyi ulikaa juu ya ngozi tupu, ukipanda na kushuka kwa kila hatua, hadi pale ulipokaa pakawa pekundu kama udongo wa njia.

Nilikuwa nimeteleza zizini, nikienda kukamua. Mfupa wa paja ulilia kama ukuni mkavu. Mvua ilikuwa imeubomoa mlima juu ya barabara, na pikipiki hazikupita tena. Aliyetaka kufika hospitali alipaswa kubebwa. Kabla mjukuu wangu Bayingana hajamaliza kupiga yowe, watu wa kilima cha pili walikuwa wameshashuka: Damien, mdogo wake Sylvain, na jirani yao Jean-Luc. Waliacha shamba katikati ya mstari, mbegu za maharage zingali mifukoni. Wao ni Wahunde, wakulima. Sisi ni watu wa ng'ombe, na nyumbani tunasema Kinyarwanda. Kuna siku maneno hayo mawili hutosha kufunga milango ya vilima vyote viwili. Siku hiyo hakuna aliyeyataja.

"Koko, bibi yetu, uko mwepesi kama kuku ya Kwaresima," Sylvain alisema nyuma yangu. "Hata supu hatungepata."

"Mungenibeba nikiwa musichana," nilimjibu. "Mungelia njiani."

Walicheka, na kicheko chao kilinitikisa mguu, lakini sikulalamika. Maumivu yanayotoka kwenye kicheko huvumilika.

Penye mteremko walisimama kubadilisha mabega. Bayingana, ambaye amesomea Goma na hajazoea kubeba, alivua sweta yake, akaikunja, akataka kuiweka chini ya mti.

"Apana, kijana," Damien alisema. "Kipoyi haiwekwake ngata."

"Juu ya nini haiwekwake, kaka?"

"Itapinduka. Mugonjwa ataanguka. Babu njo alituachia hiyo."

"Lakini wamama wanabeba ndoo na ngata, na maji haimwangike."

"Ndoo iko ndoo, muntu iko muntu. Vaa sweta yako, baridi isikukamate."

Bayingana alitii. Tangu nizaliwe sijaona mtu wa vilima vyetu akiweka ngata begani akibeba mgonjwa. Wanaume hutoka ngozi, hupona, hutoka tena, na kila mmoja atakwambia kuwa ni desturi ya wazee. Nilifumba macho. Mimi nilijua desturi hiyo ilizaliwa wapi, na nani aliizaa.

Baba yangu, Kanamugire, aliletwa huku na Wazungu kutoka ng'ambo ya mpaka, afanye kazi kwenye shamba la pareto. Walimpa sehemu ya kilima, na hakuuliza ni nani aliyekuwa akilima maharage pale kabla yake. Baadaye wakamfanya kapita, nyapara wa wenzake. Mzungu alipokwenda kukagua mashamba, alikaa kwenye kipoyi chake, kiti chenye miti miwili, watu wanne wakimbeba, na baba akitembea pembeni na fimbo ya ngozi ya kiboko. Nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Niliwaona wakipita, na nilijivunia kofia nyeupe ya baba.

Siku moja mbebaji wa mbele alikunja jani la mgomba akaliweka begani. Kwenye kona kiti kiliinama, kofia ya Mzungu ikaanguka topeni. Baba alisimulia habari hiyo jioni nyingi, akiwa na kibuyu cha maziwa mkononi. Mzungu, alisema, hakutamka neno. Aliokota kofia yake akaipangusa. Baba ndiye aliyemlaza chini mbebaji yule akampiga, na ndiye aliyetangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna ngata, kwani kipoyi chenye ngata hupinduka, na kikimbeba mgonjwa humuua. "Sheria ile ni yangu," alikuwa akisema. "Hata Mzungu hakuifikiria." Mbebaji yule alikuwa babu yake Damien.

Wazungu waliondoka. Nyumba yao iliota miti ndani. Sheria ya baba ilibaki, na sasa ilikuwa ikinipeleka hospitali.

Kwenye kijito walinishusha juu ya majani. Damien alichota maji kwa jani akaninywesha mimi kwanza, akinishikilia kichwa kama mtu anavyomshika mtoto mchanga. Ndipo akanawa bega. Maji yalishuka mgongoni mwake yakiwa na damu nyembamba. Aibu ilinipanda, ikaupita hata uchungu wa mfupa. Nikawaza: hospitali bado iko mbali, na nikisema wanaweza kuniacha hapa, wakiwa na haki. Nikawaza pia: nikinyamaza, nitafika nikiwa nimekaa juu ya kiti kile kile.

"Damien, mwanangu," nilisema. "Ile ya ngata haikutoka kwa babu yako. Ilitoka kwa baba yangu."

Nikamwambia yote: jani, kona, kofia, kipigo. Bayingana aliinamisha kichwa. Jean-Luc alitazama maji.

Mkono wa Damien ulikuwa bado begani.

"Babu alikufa na kinundu hapa," alisema. "Tulikuwa watoto, tunakigusa. Alikuwa anatuambia, hii njo alama ya mwanaume mwenye kujua kubeba."

Neno la kuomba msamaha lilinijia mdomoni, nikaliona dogo, nikalimeza. Nilifungua kitenge nilichojifunika nikamnyooshea. Mkono wangu ulikaa hewani. Ndipo akakipokea, akakikunja polepole, kama mtu anayekunja nguo ya marehemu, akampa Bayingana.

"Weka wewe," alisema. "Mimi bado."

Nilidhani ataondoka. Alilifungua shati lake kiunoni, akanifunika nalo kifua, kwa kuwa nilikuwa nimebaki wazi kwenye baridi. Lilinuka jasho na udongo wa maharage. Kisha akaingiza bega chini ya mti.

"Tuinue," alisema, nao wakainua.

Tulipanda bila wimbo wala mzaha. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya Bayingana, na kitambaa kikisuguana na mti. Mbele niliona kona, pale njia inapojipinda juu ya bonde, na ukungu ukichemka chini yake. Nilijua kwamba habari ya ngata kupindua kipoyi ni uongo. Nilimjua aliyeutunga, nilikuwa nimetoka kuusema kwa mdomo wangu mwenyewe. Hata hivyo, tulipoanza kujipinda, mikono yangu ilitoka chini ya shati la Damien, ikaishika miti yote miwili kwa nguvu, ikingoja kupinduka.

Damien hakugeuka.

"Usiogope, Koko," alisema. "Tunakushika."

Tuliipita kona. Mikono yangu haikuachia.