Paa Jeupe Tu

Mtaa wetu mpya uliitwa Kilima cha Mikaratusi. Mikaratusi yenyewe waliifyeka yote kabla ya kuleta magreda, na kilima wakakisawazisha, lakini jina likabaki kwenye bango kubwa barabarani, pamoja na picha ya mume na mke wanaocheka na mbwa wao. Sisi tuliijua ardhi ile kabla haijapewa jina. Lilikuwa shamba la kuku la baba mkwe wangu, mzee Farrugia, aliyetoka Malta na sanduku moja. Tulipoliuza, mume wangu Wenzu akashikilia kwamba lazima turudi kununua kiwanja palepale. Nikamwambia huo ni wazimu, kuuza ng'ombe mzima halafu kununua paja lake kwa bei ileile. Akacheka, na mimi nikakubali.

Wenzu ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Siku za baridi hutembea na fimbo yake na kunikera kama waume wengine. Joto likizidi, miguu humgomea, kisha mikono, kisha hata ulimi huwa mzito. Akipoa, vyote hurudi polepole. Madaktari wamemwandikia dawa za kila namna, lakini yule wa mwisho alisema neno moja la maana: mtafutieni nyumba isiyoshika joto.

Nyumba tuliyokuwa tumepanga ilishika joto kuliko tanuri la mkate. Kiangazi kilichopita umeme ulikatika mtaa mzima, kiyoyozi kikazima, na Wenzu akaanguka bafuni. Sikuweza kumwinua. Alilala juu ya vigae mchana kutwa, nami nikimmwagia maji kwa kikombe cha chai huku nalia kwa hasira. Siku ile niliapa kwamba nyumba nitakayojenga haitamwua mume wangu hata umeme ukikatika mwezi mzima.

Basi tulipokwenda kwenye nyumba ya maonyesho, ile ya mfano kwa wanunuzi, sikwenda kushangaa taa. Binti muuzaji, Kirsty, alitupitisha chumba kwa chumba: chumba cha sinema, kabati la viatu lenye ukubwa wa chumba cha mtoto, bafu lenye taulo zilizofungwa utepe ambazo hakuna aliyewahi kujipangusia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Kwa bei hiyohiyo, mama, nawapa meza ya jikoni ya marumaru," akasema Kirsty. "Na jokofu la mvinyo."

"Juu ya dari kuna nini?"

"Juu ya dari?" Akainua macho. "Kuna taa."

"Nauliza sufu ya kuzuia joto. Ina unene gani?"

"Ile ya kawaida, inayotakiwa na sheria."

"Basi marumaru baki nayo. Nipe sufu mara mbili ya hiyo. Madirisha yawe ya vioo viwili viwili. Upenu uwe mpana. Na upande wa magharibi sitaki dirisha hata moja, jua la jioni lisituone."

"Lakini, mama," akasema kwa huruma ya kweli, "mambo hayo mgeni hatayaona!"

"Mgeni ana kwake. Mimi najenga kwa ajili ya huyu mwenye fimbo."

Wenzu akainua fimbo akampungia. Wifi yangu Dolores alipoona ramani alisema jiko letu litakuwa kama la shule ya bweni. Nikamwambia siku ya joto aje na mto wake wa kulalia, na akija asinisemeshe habari za marumaru.

Tukakubaliana kila kitu mpaka tukafika kwenye paa. Hapo ndipo pakawaka.

Mkataba wa kiwanja ulisema mapaa yote ya Kilima cha Mikaratusi yawe na rangi moja kati ya tatu. Moja waliiita Makaa, ya pili Radi, ya tatu Usiku. Yaani nyeusi, nyeusi na nyeusi. Bila idhini ya kamati ya mradi hakuna fundi ambaye angethubutu kupandisha bati jingine. Tuliomba jeupe, wakakataa. Tukaomba tena pamoja na barua ya daktari. Wakajibu kwamba wanatuonea huruma sana, na wanatushauri tufunge kiyoyozi kikubwa zaidi. Nilipoisoma barua ile nilipiga meza hadi chai ikamwagika. Umeme ukikatika, kiyoyozi kina kazi gani? Ni pambo la ukutani.

"Waambie tunataka kuwaona uso kwa uso," akasema Wenzu.

Wakatupa siku, Januari katikati, mle mle katika nyumba ya maonyesho. Redio ilipotangaza kwamba siku hiyo joto litafika digrii arobaini na nne, nikashika simu niombe iahirishwe. Wenzu akaninyang'anya simu.

"Siku hiyo hiyo, Sunta. Usiiguse."

Hakuniambia anapanga nini. Angeniambia, ningemfungia ndani.

Tulikuta watu watatu. Darren Hoskins, meneja wa mradi, kijana mwenye viatu vilivyochongoka na meno mengi. Kirsty alikaa pembeni na faili lake. Wa tatu alikuwa Clive Pascoe, mstaafu, mwakilishi wa wakazi, ambaye nyumba yake ya ghorofa ilitazamana na kiwanja chetu. Ndani mlikuwa na baridi hata Kirsty alivaa sweta. Wenzu akajitupa kwenye kochi jeupe, akaegemeza fimbo.

"Karibuni sana," akasema Darren. "Maji baridi yapo. Tuanze?"

"Kabla hatujaanza," akasema Wenzu. "Sunta, zima hiyo mashine."

Nilidhani sikusikia vizuri. Darren akacheka kidogo.

"Bwana Farrugia, nje ni digrii arobaini na nne."

"Najua. Nimetoka huko. Nyumba hii si ndiyo mnayowauzia watu? Si mnasema ni nzuri, paa lake zuri? Basi tukae ndani yake, tuzungumze."

Akanitazama. Nimeishi na macho yale miaka mingi, nikajua hayarudi nyuma. Roho iliniuma, lakini nilinyanyuka nikabonyeza kitufe ukutani. Mashine ikakoroma, ikanyamaza. Nikabaki nimesimama palepale, kitufe mgongoni kwangu.

Darren akaanza hotuba yake. Mnunuzi anataka mtaa unaofanana. Rangi moja inalinda thamani ya kila mtu. Sheria ni sheria, akimruhusu mmoja kesho watakuja kumi.

"Na paa jeupe linamulika machoni," akaongeza Pascoe. "Mimi chumba changu kiko juu, ndugu yangu. Nitalitazama kila nikiamka."

"Funga pazia," nikasema.

"Bi Farrugia, tafadhali," akasema Darren.

Madirisha ya chumba kile yalitazama magharibi, makubwa kama milango ya gereji, na jua lilikuwa limekwisha kuhamia huko. Haukupita muda mrefu. Kirsty alivua sweta. Darren akafungua kifungo cha shati, kisha cha pili. Joto lilitushukia kutoka darini, ukiinua mkono juu ya kichwa unalihisi. Mimi sikuwa naliangalia joto, nilikuwa naangalia miguu ya Wenzu.

"Darren," akasema Wenzu, "pale mlipojenga chemchemi yenu ya urembo, palikuwa na banda la baba yangu. Kuku mpaka basi. Kila mwaka kabla ya Krismasi alitupandisha juu na ndoo za chokaa, tukapaka mabati yote meupe. Mwaka mmoja tukachelewa, joto likatuwahi. Siku iliyofuata tulizika kuku kwa greda."

"Pole sana, lakini suala hili—"

"Kuku, Darren. Kuku wa mayai. Wao tuliwapa paa jeupe. Mimi unaninyima."

Neno la mwisho lilitoka zito. Ulimi ulikuwa umeanza. Nikapeleka mkono nyuma, kidole kikagusa kitufe.

"Ukiwasha, Sunta, sitakusamehe," akasema bila kugeuka.

Bikira Maria, niliteseka! Naandika haya naye yuko hapo nje anabishana na redio. Lakini saa ile nilitaka kuwasha. Nilitaka kumwambia tupake hata rangi ya masizi, tukaishi popote, mradi anyamaze na apoe. Nikamwangalia Darren anavyojipepea na faili la Kirsty, na hasira ikanisaidia. Nikauondoa mkono.

"Yatosha sasa," akasema Darren, akasimama na kunijia. "Mama, nipishe niwashe."

"Nisukume kwanza."

"Sikusukumi, mama."

"Basi rudi ukakae, ufurahie nyumba yako."

Akarudi. Pascoe alikuwa amelowa jasho mpaka mkandani. Wenzu akamgeukia, maneno yakimtoka moja moja.

"Clive. Chumba chako cha juu. Unalalaje humo?"

Pascoe akatazama dirisha.

"Hatulali humo," akasema hatimaye. "Tangu Novemba mimi na Beryl tunalala sebuleni chini, kwenye magodoro."

"Clive!" akafoka Darren.

"Usiniite Clive, Clive! Ndivyo ilivyo! Huko juu hakukaliki, na bili ya umeme inanikaba koo!"

"Sasa paa letu," nikamwuliza, "utaliona ukiwa wapi?"

Kirsty akacheka, akaziba mdomo. Pascoe mwenyewe akapangusa uso kwa leso. Darren aliona mambo yanamtoka mkononi, akabadilisha sauti, akawa mtu wa biashara tena.

"Sikilizeni. Naweza kuwapa kijivu. Kijivu hafifu. Kamati itanielewa. Tusaini, twende nyumbani."

"Nyeupe," akasema Wenzu.

"Kijivu hafifu ni karibu sawa na—"

"Nye. U. Pe."

Darren akafunga faili. "Basi mkutano umekwisha. Nasikitika. Bwana Farrugia, nakushukuru kwa kuja."

Akampa mkono. Wenzu akautazama ule mkono. Alijaribu kuinua wa kwake na haukuinuka. Akajaribu kusogeza mguu, na mguu ukabaki pale kwenye zulia. Nilipiga hatua moja, akanizuia kwa macho.

"Siwezi kusimama, Darren," akasema polepole, kila neno akilisukuma. "Nilikwambia kwa barua. Daktari alikwambia. Sasa unaona. Na hata ningeweza, sitoki. Mpaka uandike."

Darren akapauka. "Ninaita gari la wagonjwa."

"Liite. Wakifika wataniuliza nimefanya nini. Nitawaambia nilikaa ndani ya nyumba yako."

Simu ilikuwa mkononi mwa Darren na hakuipiga. Nje, kwenye maegesho, familia moja ilikuwa inashuka kwenye gari kuja kuangalia nyumba, baba, mama na kichanga kwenye kigari. Darren aliwaona, na mimi nilimwona akiwaona.

"Mwandikie," akasema Pascoe.

"Siwezi kuvunja utaratibu kwa ajili ya—"

"Mimi ni mwakilishi wa wakazi, na wakazi wanasema mwandikie! Na mwaka huu mimi mwenyewe ninapaka. Uje unishtaki."

Kirsty alikuwa amekwisha kuitoa karatasi na kuiweka mezani, kalamu juu yake. Hakumtazama bosi wake. Darren alikaa, jasho likimdondokea kwenye maandishi, akaandika na kusaini. Nikaisoma yote kwanza, sikuwa na haraka ya kudanganywa, kisha nikaikunja nikaitia kifuani. Ndipo nikasema, "Haya, mbebeni."

Wakambeba kumpeleka garini, Darren bega hili, Pascoe lile, viatu vyake vikiburuta juu ya zulia jeupe. Kirsty alikimbia bafuni, akazikata tepe za zile taulo, akazilowesha, akamfunika nazo kichwa na kifua. Ile familia ya kigari ikasimama mlangoni kutupisha. Mama yake yule mtoto aliniuliza kumetokea nini.

"Waulize wanapenda paa rangi gani," nikamjibu, "halafu wazime kiyoyozi."

Nikawasha gari, baridi yote nikaielekeza kwake. Macho yake yalikuwa yamefumba, midomo imekauka. Nikamshika taya, nikamnywesha maji, nikaanza kumtukana. Nilimwita punda, nilimwita kichwa cha zege, nikamwambia akifa leo nitamzika chini ya chemchemi ya Darren. Aliniacha nimalize.

"Ameandika?" akanong'ona.

"Ameandika."

"Rangi gani?"

"Nyeupe. Kwa mkono wake."

"Haya," akasema. "Sasa nipeleke hospitali."