Mashine Zilivyoshukuriana

Simu iliniambia akaunti yangu ya barua pepe imefungwa kwa kusambaza ujumbe taka. Mimi! Msusi ninayeshinda vidole vikiwa vichwani mwa watu, taka nizisambaze saa ngapi?

Wiki hii niliandika barua moja tu, kwa kaka yangu. Tumenuniana tangu mama azikwe. Nilimwomba aje kesho kwenye harusi ya binti yangu. Jibu sikuwa nimeliona, na sasa hata pa kuliangalia hapafunguki. Nilichanganyikiwa mpaka mistari ya nywele za mteja ikaenda kombo.

Nikamwita Bi Waya, fundi wa kompyuta wa duka la jirani. Alibonyeza hapa na pale, akaunti ikafunguka. Jibu lilelile la kaka lilijirudia ukurasa baada ya ukurasa: "Asante kwa barua yako. Nipo safarini kikazi."

"Ananikejeli?"

"Wala. Hiyo ni mashine yake inayojibu. Na wewe si uliniomba nikuwekee ya kujibu wateja? Basi yake ikajibu, yako ikajibu, hazichoki hizo. Kampuni ya barua pepe ikaona maneno yaleyale yanamwagika, ikadhani wezi wameteka akaunti yako wanawatumia watu matangazo."

Sikuelewa vizuri. Niliambulia tu kwamba mimi na kaka hatusemezani, na mashine zetu zinashukuriana kama wakwe.

"Ya kwako nimeizima. Nifute zote hizi?"

"Ngoja kwanza!"

Nikapekua moja moja, mteja akiguna. Karibu na juu nikakuta barua iliyoandikwa na mtu.

"Dada, nimerudi leo. Nikija, utanipokea kweli?"

Ikafuata nyingine, yenye jina langu: "Asante, mteja wetu mpendwa. Tuna watu wengi kwa sasa. Tafadhali subiri zamu yako."

Kisha yeye tena: "Haya. Nimeelewa."

"Bi Waya, nifungulie nimjibu!"

"Kusoma unaweza. Kutuma ni hadi kesho usiku, ndivyo wanavyozuia. Mpigie."

Nilipiga. Namba niliyokuwa nayo haitumiki tena.

Nikavua aproni.

"Na kichwa changu je?" mteja akapiga kelele, upande umesukwa, upande nywele zimesimama.

"Jifunge kitambaa, mama. Nisamehe."

Nikatoka mbio kwenda kwa kaka, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba yule aliyemjibu hakuwa mimi.