Nitwikeni

Mwalimu wa kwanza wa mazoezi alimtazama Winchi malapa kabla ya kumtazama uso. Wa pili akamwambia avue shati apigwe picha, ili akishapona apigwe nyingine, watu waone tofauti. Winchi akamjibu kwamba hakuja mnadani kama ng'ombe, akatoka akiubamiza mlango wa kioo mpaka waliokuwa kwenye baiskeli zisizokwenda popote wakageuka.

Jina la Winchi, mashine ya kunyanyulia mizigo, alipewa na makuli wenzake ghalani. Miaka kumi na tisa alipanda ubao wa lori na gunia begani huku akiimba. Sasa mgongo ulikuwa umemsaliti. Wiki ya saba hii anavalishwa suruali na mkewe. Nyapara naye alishamletea salamu: Jumatatu ya mwisho wa mwezi aje anyanyue gunia mbele ya wote, alipandishe lorini. Akishindwa, nje ya geti wapo kumi wanaoitaka nafasi yake.

Mwalimu wa tatu alikuwa binti mfupi, mwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vioo: magodoro mawili, kamba za mpira, kiti. Alimwambia aokote kalamu sakafuni. Winchi akainama, jasho likamtoka.

"Kaka, wewe unanyanyua kwa mgongo. Miguu umepewa ya nini?"

Winchi akafura. Akamuuliza yeye tangu azaliwe amebeba nini zaidi ya mkoba. Binti akasema amebeba wagonjwa, miaka minne wodini, na mgonjwa si gunia, ukimdondosha anakutukana. Winchi nusura acheke, akajizuia. Hasira yake alitoka nayo nyumbani, hakutaka kurudi bila yake. Akasema ataanza kesho.

Siku kumi na mbili alichukia kila kitu mle ndani. Alichukia kuchuchumaa na kuinuka kama kuku anayetafuta pa kutagia, alichukia ndoo ya mchanga aliyoikumbatia kama mtoto, na zaidi ya vyote alichukia "kaza tumbo, kaka". Nyumbani alilalamika mpaka mkewe akamwambia alalamike taratibu, maana asubuhi hiyo suruali alikuwa amevaa mwenyewe.

Siku ya kumi na tatu alimletea binti gunia zima kwa mkokoteni, ili amwaibishe. Binti akalizunguka, hakuligusa. Akamwambia amwonyeshe makuli wanavyofanya.

Winchi akasimama wima, akainamisha shingo, akatulia.

"Unangoja nini?"

"Watwikaji. Watu wawili. Kuli hajitwiki."

"Siku uliyoumia walikuwepo?"

Hawakuwepo. Watwikaji waliondolewa mwaka jana; nyapara alisema wanasimama tu. Makuli waligoma kuinamia magunia. Wa kwanza kujinyanyulia, kwa sifa tu, alikuwa yeye. Winchi haisaidiwi, alisema, na watu wakapiga makofi. Kesho yake nyapara akawaambia wengine: mbona mwenzenu anaweza?

Hasira ilimpanda tena, lakini safari hii haikuwa na pa kumshikia binti.

"Mwalimu," akasema, kwa mara ya kwanza, "Jumatatu nitalinyanyua?"

"Hilo moja utalinyanyua. La mia sitaki kuliona."

Jumatatu gunia lililazwa sakafuni, makuli wamepanga mstari, kila mmoja na gunia lake miguuni. Nyapara alikuwa amekunja mikono. Winchi akasimama wima, akainamisha shingo.

"Nitwikeni."

Nyapara akasema mambo hayo yalikwisha, anyanyue au aondoke. Winchi hakumtazama. Aliwatazama wenzake.

"Mwaka jana nilijitwika, nikawaponza nyote. Kosa ni langu. Nitwikeni."

Akaanza kujuta. Kisha mkongwe wao, aliyekuwa hasemi naye tangu mwaka jana, akatoka mstarini akitema mate pembeni. Mwingine akamfuata. Wakashika pembe, wakahesabu, gunia likakaa begani. Winchi akakaza tumbo, akaupanda ubao hatua kwa hatua, akalitua lorini.

Alipogeuka, mtu wa pili mstarini alikuwa amesimama wima, shingo ameinamisha. Na wa tatu. Na wa nne. Nyapara alikuwa anapiga kelele wanyanyue, na magunia yalikuwa yamelala palepale.